Keki Zilizoshikana

Chanika, Handeni
19 Agosti 1999

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limekuachia ulale, maana baridi ya mwaka huu haikuwa na huruma na watu wazima. Wazee wote wa hapo Magoma wafikishie shikamoo zangu. Na wewe Muhidini unayemsomea mama, salamu zako ziko chini, usizikimbilie. Soma polepole na usiruke kitu, hata ukifika mahali ukaona bora uruke. Nakujua, mdogo wangu.

Sisi huku hatujambo kiasi. Nasema kiasi kwa sababu Shamsia bado yuko wodi ya watoto. Tumbo limejaa tena kama mwaka juzi, anaharisha, na mikono imekwisha. Jana alikunywa maji ya mchele yakakaa tumboni, nikamshukuru Mungu. Mimi mwenyewe silali sawasawa, lakini hilo si la kukusumbua.

Mama, ugonjwa wa mjukuu wako unaufahamu tangu ulipoanza. Tulipotoka hospitali Moshi nilikwambia daktari amemkataza mkate na maandazi. Ukasema ni kweli, mafuta ya maandazi hayamfai mtoto, nasi tukayaacha hapo. Alipoviacha vile vitu akanawiri, akaanza shule, akawa anakimbizana na wenzake. Shida ilikuwa moja tu. Wenzake wakila andazi wakati wa mapumziko, yeye alishika kipande cha muhogo. Kwenye Maulidi ya hapa mtaani aliniuliza kama Mungu naye amemkataza keki. Nikaenda jikoni kulia.

Ndipo nikamwendea Athuman, yule mwenye duka pale stendi ya Korogwe. Zamani tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni, leo biashara imefunguliwa na Athuman anauza mpaka maziwa ya unga ya Ulaya. Nilimweleza shida yangu, akaagiza kwa mtu wake Dar es Salaam, na baada ya majuma kadhaa akaniletea boksi la unga wa keki za chokoleti, zile bapa za kukatwa vipande, wenyewe wanaziita brauni. Ubavuni pamechorwa suke la ngano lililopigwa mstari, maana yake humo ndani ngano haimo. Alinisomea mwenyewe maandishi yote, neno kwa neno, kwa kile Kiingereza chake cha kubabaisha.

Nilioka kwa mkaa juu na chini, kama unavyooka wewe mkate wa mchele. Ladha ilikuwa nzuri, lakini keki ukiishika inamomonyoka, mtoto anabaki analamba makombo kiganjani. Sikukubali, unanijua kwa ubishi. Boksi la pili nikaongeza unga wa muhogo, ikatoka ngumu kama kigae. Nikajaribu ndizi mbivu za kuponda, ikabaki na majimaji katikati. Nikaongeza yai, nikajaribu unga wa mchele, nikajaribu kiazi kitamu cha kuchemsha. Sabiri akawa ananitania kwamba ameoa fundi wa matofali.

Wakati huo ndipo Muhidini alipoleta ule unga wako wa uji, pamoja na maneno yako kwamba humo mna cha kumtia nguvu mjukuu wako, nami nisiulize. Nikadhani umezidisha ulezi. Uji wenyewe Shamsia aliukataa, kwa maringo yake yale yale. Nikaona unga wa mama yangu usiingiwe na wadudu kwenye ndoo, nikachota, nikauchanganya na wa boksi.

Mama, keki zikashikana. Zilikatika vipande safi, laini, mtoto akaweza kubeba kimoja mpaka shuleni na kuwamegea wenzake. Nilijisikia mtu. Nilimwambia Shamsia kwamba ni unga wa bibi uliofanya kazi hiyo, na tangu siku hiyo hakuziita jina jingine ila keki za bibi. Nikawa naoka kila ndoo ya mkaa iliporuhusu.

Haukupita mwezi akaanza kuharisha. Nikaongeza keki, nikidhani zitampa nguvu. Alipoanguka shuleni tukamkimbiza hospitali, na daktari akauliza mtoto amekula ngano wapi. Mimi moja kwa moja nikamfikiria Athuman. Nilipanda basi mpaka Korogwe, nikalibamiza boksi mezani kwake mbele ya wateja, nikasema anajaza unga wa kawaida kwenye maboksi ya wazungu. Alijaribu kunionyesha gundi ya boksi ambalo halijafunguliwa, sikumsikiliza. Mdomo ulinitangulia. Nawe ulipopata habari ukawaambia wanawake wa Magoma wasikanyage duka lile, kwa kunitetea mimi mwanao. Nasikia wamekutii, na duka sasa ni inzi tu. Sabiri anasema Jumatatu anakwenda polisi.

Sasa Muhidini, hapa ndipo usiruke.

Juzi nilikuja nyumbani kufua nguo za mtoto. Hilaria, jirani yangu anayeoka skonzi za kuuza, alikuja kunipa pole. Nikamwekea chai na kipande cha keki kilichobaki. Alikikunja, hakikuvunjika. Akakivuta, akakitazama, halafu akaniuliza kwa upole nimeweka unga gani, maana keki isiyo na ngano haikunjiki namna ile. Nilimjibu vibaya, Mungu anisamehe. Nilimwambia huo ni unga wa mama yangu.

Alipoondoka, neno lake halikuondoka. Nilichukua unga wako uliobaki, nikaukanda, nikaufunga kwenye kitambaa na kuuosha kwenye beseni, maji meupe yakatoka na kutoka. Kitambaani kikabaki kitonge kidogo cha kijivu. Nikakitia mdomoni nikakitafuna. Unakumbuka tulivyokuwa tukiiba punje za ngano kwenye kapu lako la kutoka mlimani, mimi na Muhidini, tukizitafuna mpaka zinakuwa ubani, nawe ukitukimbiza na mwiko? Ulikuwa ubani ule ule, mama. Niliutafuna nimekaa sakafuni na haukuisha.

Najua ulivyofanya. Zahanati wanawafundisha kina mama unga wa lishe, wachanganye mahindi, ulezi, mchele, na ngano kidogo. Ulisikia mjukuu amekonda, ukatoa akiba yako, ukaenda gulioni kwa goti lile bovu kununua ngano. Hapo hapana ubaya hata chembe. Neno lililopotea nililipoteza mimi. Nilikwambia mkate na maandazi, sikutamka ngano, kwa sababu niliogopa utasema mtoto anayedhurika na ngano karogwa, umchukue kwa mganga. Nilikuficha nusu ya maneno ya daktari, na nusu hiyo ndiyo imemlaza mwanangu.

Sabiri bado sijamwambia. Mama yake akisikia, atasema watu wa Magoma wamemlisha mjukuu wake sumu, unamjua ulimi wake. Kwa siku mbili nimejaribu kutafuta njia ya kumsafisha Athuman bila kuutaja unga wako, na sikuipata. Mtu ana watoto, na jina lake limechafuka kwa kinywa changu na chako. Jumamosi nakwenda Korogwe, nitasimama pale pale nilipopiga kelele, niseme yote. Barua hii naituma kwa kondakta leo ili uisikie kwangu kabla hujaisikia stendi. Ukinikasirikia, nikasirikie, lakini nakuomba uwaambie wale wanawake ukweli kwa mdomo wako mwenyewe.

Daktari anasema ngano ikimtoka mwilini atapona, ila polepole, na safari hii isirudi hata vumbi. Kwa hiyo unga usipeleke mashine, mashine inasaga vya kila mtu. Twanga kwenye kinu, na kinu chenyewe kioshwe kikauke. Mchele na ulezi tu. Hautashika kama ule, najua. Utamomonyoka, na tutalamba makombo.

Muhidini, salamu zako ndizo hizi, na ahsante kwa kusoma. Mshikie mama mkono ukimaliza. Hilaria naye anakusalimu, mama.

Shamsia anasema shikamoo, bibi. Leo asubuhi alifumbua macho akaniuliza keki za bibi zinakuja lini. Nimemwambia bibi yako anatwanga. Tafadhali, mama, usiniache nikawa mwongo.

Mimi mwanao,
Swaumu