Usafi wa Alama

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wanao. Ukiniuliza mimi, nipo, ila napumua kwa msaada wa mtungi wa hewa, na kutoka kitandani hadi dirishani ni safari ya kupumzika njiani. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi, nami sikumuuliza kwa nini. Kichwa bado kizima, na vidole vinatosha kubonyeza herufi.

Umeniandikia kwamba mumeo amebadilika tangu toleo jipya la mwongozo litoke: chakula hagusi, simu hapokei, anakaa mbele ya kompyuta akiukodolea macho ukurasa mmoja. Umeniomba nimwombee. Siwezi, kwa sababu kinachomsumbua nakijua vizuri kuliko wewe.

Unakumbuka kitinda mimba wetu alivyoishi kwenu, katika kile chumba cha nyuma chenye meza inayotikisika, akiandika mwongozo wa ule mfumo wa kompyuta unaotolewa bure na kujengwa na watu wanaojitolea. Mumeo alikuwa msimamizi wa mwongozo. Tukamzika mdogo wetu, na hata mwaka haujaisha mumeo akapewa tuzo kwa kazi ile. Pale ukumbini mtu aliuliza habari za marehemu, naye akacheka, akasema yule kijana alikuwa akimchapia tu. Watu wakacheka naye. Wewe ulipiga makofi, mdogo wangu. Nilikuwa nimekaa nyuma yako.

Ndipo nikajiunga na lile kundi la wanaojitolea. Nilijitambulisha kuwa mhariri mstaafu, nikaomba kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kusawazisha alama. Kurasa zile zina alama ambazo msomaji hazioni. Zinaiambia mashine kwamba hili ni jina la amri, hili ni la faili, na huyu ndiye mwandishi. Kwa kuwa zimepita mikono mingi, hazikulingana: amri ile ile hapa ina alama yake, kule imekolezwa wino tu, kwingine imevikwa alama ya faili. Nikawa nazinyoosha ukurasa kwa ukurasa. Mumeo alifurahi mno. Alinipigia simu akaniita Bibi Fagio, akasema, shemeji, wewe fagia huko chini, sisi wajenzi tuko ghorofani. Nikamwambia asijali, ngazi zao nazo nitazipitia.

Katika kufagia nikakuta alichokifanya. Kwenye kila ukurasa wa kitinda mimba wetu, jina lake lilikuwa limehamishiwa ndani ya alama ya maelezo ya pembeni, ile ambayo mashine huiruka, na penye alama ya mwandishi pamekaa jina la mumeo. Mashine inapokusanya waandishi wa toleo, inamwona yeye peke yake. Kumbukumbu ya mabadiliko, inayotunza nani alibadili nini, haikuficha kitu: maneno ni ya marehemu, mumeo alisogeza mikato tu.

Sasa, kundi lile lina mazoea yake. Badiliko likija na sababu iliyoandikwa "usafi wa alama", hakuna anayelisoma. Msimamizi anabonyeza kibali, linapita. Basi nikasafisha. Jina la mdogo wetu nikalitoa mafichoni, nikalikalisha panapostahili, na la mumeo nikaliondoa. Kila mara yeye mwenyewe alinipa kibali, na juu yake akaniandikia "ahsante Bibi Fagio".

Toleo lilipotoka, akajitafuta kwenye orodha ya waandishi asijione. Alinipigia akilalamika kwamba mashine imeharibika. Nikamweleza polepole kwamba mashine ni nzima, na kwamba vibali vyote ni vyake. Akakata simu. Mlio ule wa simu iliyokatwa, mdogo wangu, ulikuwa mtamu kuliko dawa yoyote niliyopewa mwaka huu.

Hadi hapo sina cha kutubu. Ila upo ukurasa mmoja, ule wa kuokoa mafaili diski inapokufa. Huo aliuandika mumeo, peke yake, akiwa amekaa kando ya kitanda cha mdogo wetu hospitalini. Nimehariri maandishi ya watu maisha yangu yote, na nakwambia ni ukurasa mzuri, pengine mzuri kuliko yote. Nao nimemnyang'anya. Jina lake nimelitia mahali pale pale alipokuwa akimficha mwenzake, nikaandika "usafi wa alama", naye akabonyeza. Huo ni wizi, na mwizi ni mimi. Nilijua ninachofanya.

Huo ndio ukurasa anaoukodolea macho. Kulirudisha jina lake ni kazi ya dakika moja, lakini hathubutu. Kwa makelele aliyokuwa amepiga mwenyewe kundini kabla ya kunipigia simu, kundi limeamua kwamba badiliko lolote linalogusa jina la mwandishi lielezwe sababu hadharani na lisomwe na wote. Akieleza jina lake limefichwaje, wataifungua kumbukumbu wajue ujanja ule ulianzia kwa nani. Basi achague: aukose ukurasa wake wa haki, au aseme mbele ya watu ni nani aliyeandika zile nyingine.

Ningeweza kumrudishia mimi kabla sijaondoka. Sitamrudishia.

Wabusu wanao kwa niaba yangu, na wewe ule ushibe, usikonde kwa ajili ya mtu. Mumeo usimpe salamu zangu. Mpe barua hii aisome.

Ni mimi dada yako mkubwa, nikupendaye hata sasa.