Raba Iliyovimba

Embu, Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, wala sisikii baridi. Kusema kweli, sisikii chochote.

Lori la Mzee Salimu, yule mchinjaji, limeletwa gerejini kwangu leo. Dereva wake, Njeru, hakuja nalo. Amefungwa kambini kwa askari tangu Jumamosi. Alikuwa akitoka Ishiara na mbuzi, breki zikashika njiani, akasimama, kafyu ikamkuta hapo. Askari hawakumwamini. Walipolisukuma, lori lilikwenda bila shida, wakasema alikuwa akiwangoja wapiganaji wa msituni awape nyama. Alhamisi atapelekwa mbali. Wanaopelekwa mbali hatujui hurudi lini.

Njeru ni mimi niliyemfundisha kuendesha. Niliposikia habari zake nilimaliza kwanza githeri yangu.

Breki zinazoshika kwa joto huachia zikipoa. Fundi anajua hivyo, askari hajui. Nimelipandisha lori kilimani mara tatu, magurudumu yote yakashika, drami za breki zikawa moto hata mate yakachemka juu yake. Nikafungua nipeli ya gurudumu moja, pale pa kutolea mafuta ya breki, mafuta yakaruka, magurudumu yakawa huru. Basi ubaya haukuwa chini, ulikuwa juu kwenye pampu. Nikaifungua. Raba ya ndani imevimba kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki, imeziba tundu la kurudishia mafuta, ndiyo maana breki zikipata joto haziachii.

Nikainusa. Mafuta ya taa.

Wiki iliyopita mafuta ya breki yalikuwa yamekwisha mjini, nikalitia lori hili mafuta ya mbarika kutoka nyumbani. Mzee aliyenifundisha kazi alifanya hivyo miaka mingi na raba hazikudhurika. Lakini tangu tuhamishiwe kijiji hiki cha lazima, mafuta ya taa ni shida, na Mama huyachanganya na mbarika ili taa iwake siku nyingi. Mimi nilibeba chupa hiyo ya taa nikidhani ni mbarika tupu. Sikuuliza, sikunusa. Kuuliza si ujinga, na msemo huo huwa nawaambia wengine.

Adhuhuri Mzee Salimu alikuja.

"Fundi, umeona nini huko? Ofisini kambini wananiuliza, na mimi sina la kusema."

"Bado naangalia, Mzee."

Nilikuwa nimeshaona. Raba ilikuwa mfukoni mwangu.

Nikisema, wataniita mharibifu. Nikinyamaza, raba mpya ninazo, mafuta halisi yamefika jana, lori litapona leo leo na Njeru atabaki mwongo. Nimezitazama hizo raba mpya tangu saa nane. Aibu ninayo, najua iko, lakini naiona kwa mbali, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Hilo ndilo linalonitisha kidogo.

Mama hatatajwa. Chupa niliichukua mimi.

Sasa ni saa kumi. Nimeirudisha pampuni raba ile ile mbovu na kufunga kila kitu. Kesho asubuhi nitamwomba ofisa wa kambi apande karibu nami, tukwee kilima mpaka breki zishike, ashuke aguse drami kwa mkono wake. Halafu tutangoja zipoe, naye asukume lori mwenyewe, aone linavyokwenda.

Kisha atauliza ni nani aliyetia mafuta, nami nitakuwa nimesimama hapo hapo mbele yake.