Diwani Anataka Nihamie Stesheni Isiyokuwapo

Mpendwa Bibi Marselina, shikamoo. Nisaidie kabla sijamrushia mtu mwiko.

Nauza wali kuku hapa stesheni ya Kilosa, treni ya Kigoma ikisimama tunapitisha sahani madirishani, na mahali pangu ni pazuri, mkabala na mabehewa ya daraja la tatu ambako ndiko kwenye njaa, ndipo panaposomesha wanangu, sasa mume wangu Elikana, diwani, alikwenda semina akaona treni ya umeme ya mjini kwenye kalenda ya mwekezaji, akarudi hashikiki, akawaahidi wapiga kura nasi tutapata, Kilosa hii ambayo ukitembea huku unapiga soga mji umekwisha! Kamati ikakaa, kila diwani akataka reli ipite mlangoni kwake, basi kwenye ramani ikapinda kwa mwenye mashine ya kusaga, ikapinda kwa mwenye baa, stesheni kuu ikaangukia shamba la maharage la mwenyekiti, Mzee Makarius, na mwekezaji hajaonekana, na umeme wa taa tu unakatika. Elikana anasema Jumamosi kuna mkutano wa hadhara, nihamishie meza yangu maharageni, wananchi waone mradi umeanza. "Mke wa diwani usipoonyesha imani, nani ataonyesha?" Nikihama, jirani yangu Loveth atapachukua siku hiyohiyo, ameshaanza kupapima kwa macho, nikikataa, mume wangu ataaibika mbele ya wapinzani, na nampenda, jamani, nampenda huyu mtu. Nifanyeje?

Letisia, Kilosa

Marahaba, Letisia. Pole, ingawa nimecheka mpaka mhariri akachungulia.

Mumeo si mbaya, ana kiherehere. Lakini wewe nawe! Wanachora reli kwa kufuata milango ya wakubwa, wewe kimya, unampakulia minofu. Ungemuuliza siku ya kwanza: nani atapanda, anatoka wapi, anakwenda wapi? Hilo ndilo swali la treni, na kamati nzima hakuna aliyeliuliza.

Aibu yake itapita. Mahali pako pakienda pameenda. Hata mimi ningekuwa Loveth nisingekurudishia.

Usihame. Mkalishe chini kabla ya Jumamosi, wawili tu, kwa upole, umwambie awaeleze watu ukweli kwamba mradi bado ni wazo na hata upembuzi yakinifu haujafanywa. Watamzomea kidogo, hafi. Akigoma, mwache aende maharageni na kipaza sauti chake, wewe nenda kazini. Na jioni akirudi anadai chakula, mwambie kipo njiani, kinaletwa na treni yake.