Koti Kwenye Upepo

Tacoma, 20 Mei

Baba yangu mpendwa,

...na hayo mapazia yenyewe, kama nilivyokuwa nakueleza juzi kabla karatasi haijaniishia, ni ya njano! Njano kama kiini cha yai! Na aliyeyashona ni Tobin wangu. Fundi wa lifti, Baba, mtu anayeshinda amening'inia ndani ya shimo la ghorofa, jioni anakaa mbele ya cherehani akiwa na pini mdomoni. Nikamuuliza, "Wewe mwanamume gani unashona?" Akasema, "Mwanamume ambaye mkewe alishona pindo la kwanza likapinda kama barabara ya kwenda kwenu." Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni.

Ona, hata salamu sijatoa. Hujambo, Baba? Bega linakwendaje? Unakula? Bess anabweka bado, au uzee umemnyamazisha? Akina mama wa kanisa bado wanakuletea vile viazi vya jibini?

Sisi ni wazima mno. Kila asubuhi Tobin ananiachia kikaratasi chini ya kikombe. Leo kilisema, "Rudi mapema, nimeanza kukukosa kabla hujaamka." Vyote naviweka kwenye kopo la biskuti. Sikujua, Baba, kwamba mtu anaweza kuishi hivi kila siku na bado akaenda kazini kama watu wengine.

Kura ya vibali vya kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa mlimani, je? Si ndiyo wiki hii wanatangaza? Tangu nikiwa darasa la pili nawakumbuka wewe na Mama mezani, mnaomba, mnakosa, Mama anasema, "Haya, mwakani," halafu anakata pai. Mwaka huu sijui kama uliomba. Ningepiga simu, lakini najua umeikata.

Nakubusu paji la uso,
Binti yako,
Maren


Loa, 3 Juni

Mwanangu Maren,

Barua yako imefika na nimeisoma. Mimi sijambo. Bega ni lilelile. Bess anabweka akikumbuka. Viazi bado vinakuja, vingine anakula yeye.

Niliomba, kwa sababu Machi ndipo tunapoomba. Nimepata. Mlima Boulder, dume, kwa upinde. Nilipomaliza kusoma nilikunja karatasi nikaenda kufungulia maji ya shamba. Nikiwa pale langoni nikakumbuka kwamba hili ni jambo la kufurahia. Nikangoja kidogo. Furaha haikuja, nikafunga lango.

Garn jirani alisikia mjini akaja mbio. "Verl, mzee mwenye bahati! Mimi nimeomba mpaka meno yameniisha, na wewe umekaa hapo kama umeletewa bili ya umeme!" Nikamwambia achukue pai iliyo mezani. Akachukua.

Nitakirudisha hicho kibali. Ukirudisha kabla ya katikati ya Julai hupotezi nafasi yako kwenye foleni. Ikipita hapo, uende usiende, kimehesabika kwamba umekitumia, na kwa umri wangu sitapata kingine. Lakini uwindaji ule ni wa watu wawili. Mmoja anakaa mbele na upinde, mwingine anajificha nyuma akiita kama jike. Mwitaji alikuwa mama yako. Sina mwingine.

Mapazia ni kitu kizuri. Msalimie Tobin.

Baba yako


Tacoma, 10 Juni

Baba yangu, Baba yangu!

Natumaini barua hii inakukuta na afya na, tafadhali, inakukuta bado na kibali! Nilipofika kwenye neno "nimepata" nilipiga ukelele Tobin akatoka bafuni na povu kichwani akidhani nyumba inaungua. Alipojua akanibeba akanizungusha, naye hajawahi hata kumwona elki ila kwenye picha. Anauliza kama ni mkubwa kuliko mbwa. Nikamwambia ni mkubwa kuliko farasi wa Garn, na pembe zake haziwezi kupita mlango wetu. Akasema, "Basi asije kututembelea."

Unasema huna mwitaji. Na mimi ni nani? Nimenunua kile kipenga cha mpira cha kubana kwenye kaakaa, kama cha Mama. Siku ya kwanza nilikaribia kukimeza. Siku ya pili bibi wa chini, Bibi Halvorsen, akaja kugonga mlango.

"Kijana, mna paka mgonjwa?"

"Hapana, bibi," Tobin akamjibu. "Ni mke wangu. Anaita dume."

"Dume la nini? Si ameshaolewa?"

Baba, nilijifungia chooni kwa kicheko!

Sasa nafanyia mazoezi ndani ya gari, madirisha yamefungwa, kwenye maegesho ya duka. Wito mrefu naupata. Ule mfupi bado unanishinda. Lakini nitaupata. Usikirudishe. Mlingoja miaka yote ile, wewe na yeye. Usikirudishe.

Mwanao mwenye furaha kupita kiasi,
Maren


Loa, 28 Juni

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Afya ni nzuri, na wewe uwe hivyo. Nyasi za kwanza tumeshakata, Garn alinisaidia.

Kila jioni natoka na upinde, kwa sababu Juni ndivyo tunavyofanya. Nimeulegeza kwa ajili ya bega. Unakumbuka mama yako alivyokuwa akikaa nyuma yangu juu ya ndoo, anamenya njegere. Navuta, natulia, halafu yeye anatoa ule mlio mfupi wa kumsimamisha dume anayetembea, na mimi naachia. Kila mshale ulikwenda hivyo. Sasa navuta, natulia, nangoja. Bega linachoka. Narudisha uzi polepole na mshale bado uko juu yake. Garn aliniangalia kutoka upande wake wa uzio akasema, "Verl, unawinda au unapigwa picha?" Tangu Juni ianze sijapiga mshale hata mmoja.

Kuna jambo jingine. Kibali kilipofika nilitoa nguo za mlimani, nikazifua kwa ile sabuni isiyo na harufu, nikazianika kwenye waya kule juu kwenye miti ya mireteni zikapigwa na upepo, kisha nikazifungia mfukoni pamoja na matawi. Unajua mwenyewe, elki akinusa mtu mara moja, humwoni tena. Nilifanya kazi nzuri. Koti la mama yako lilikuwemo. Sikulitenga. Mikono ilikuwa inafanya kazi yake.

Nguo zake nyingine akina mama wa kanisa walizichukua Machi. Mimi ndiye niliyewaambia wachukue. Koti lile tu ndilo nililobakiza.

Jumapili nilifungua mfuko nikaweka uso kwenye kola. Linanuka mti.

Sikuhisi kitu. Nakuandikia kwa sababu uliuliza habari. Usijisumbue na kipenga. Nitakwenda mjini kurudisha kibali wiki ya pili ya Julai.

Baba yako


Tacoma, 5 Julai

Baba mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo. Jana kulikuwa na fataki za Siku ya Uhuru juu ya maji na Tobin alinifunika kwa koti lake, na leo chini ya kikombe ameandika, "Fataki zilikuwa za kawaida, wewe siyo." Mapazia bado yanapendeza. Tumenunua sufuria.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni. Tobin akaniuliza, "Baba anasemaje?" Nikasema, "Amefua nguo." Akasema, "Vizuri." Nikasema, "Ndiyo, vizuri." Nikaendelea kukaanga samaki. Samaki aliiva vizuri sana, Baba. Tukamla wote.

Nataka kukuambia kitu ambacho sijamwambia hata yeye. Tulimzika Mama Februari, na Aprili mimi na Tobin tukafunga ndoa kwa sababu Mama mwenyewe alisema tarehe isiguswe. Tangu siku ile nacheka. Nacheka kazini, nacheka kwenye basi, naimba nikiosha vyombo. Sijalia. Wakati mwingine nakaa ukingoni mwa kitanda nikisubiri kilio kije, Tobin anaingia na pini mdomoni, nacheka tena. Nampenda kiasi cha kuogopa. Na huko nyuma ya upendo wote huu kuna chumba ambacho hakina hata taa, nami napita mlangoni kila siku nikiimba.

Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako uliyengoja pale langoni.

Usiende mjini. Tafadhali. Wito mfupi nimeanza kuupata.

Binti yako,
Maren


Tacoma, 27 Julai

Baba,

U mzima? Nimeandika, hujajibu. Katikati ya Julai imepita. Kama umekirudisha, niambie tu, sitakasirika. Kama unaumwa, mtume Garn apige simu dukani ninakofanya kazi, namba nimeiandika nyuma ya bahasha.

Tobin anakusalimu. Anasema atakushonea mapazia rangi yoyote.

Maren wako


Loa, 6 Agosti

Mwanangu Maren,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Siumwi. Bess naye haumwi. Kwenu natumaini ni hivyohivyo.

Nilikwenda mjini siku ile ya mwisho. Niliegesha mbele ya ofisi ya vibali, kibali kikiwa kwenye mfuko wa shati. Nikakaa. Watu waliingia na kutoka. Mvulana mmoja alikuja kwenye dirisha la gari akauliza kama niko sawa, nikamwambia niko sawa. Halafu mama mmoja akatoka akafunga mlango wa ofisi kwa ufunguo, akaenda zake. Nikawasha gari nikarudi nyumbani. Sitaki udhani niliamua. Sikuamua. Walifunga tu.

Basi kibali ninacho, na hakirudi tena. Ama niende, ama kife mfukoni.

Nikaendelea kutoka jioni na kuvuta na kurudisha. Wiki iliyopita Garn alichoka kuniangalia. Akaruka uzio, akageuza ndoo ya mama yako, akataka kuikalia.

Nikamwambia, "Usikae hapo."

"Ni ndoo, Verl."

"Najua ni ndoo. Usikae."

Hakukaa. Alisimama na kofia mkononi. Mimi nikavuta, nikatulia, na kwa kuwa bega lilikuwa linachoka na yule bwana ananitazama, nikatoa ule mlio mwenyewe. Kwa mdomo tu. Ulitoka kama bata aliyekanyagwa. Bess aliinuka akaondoka. Lakini vidole viliachia, Maren. Mshale ulikwenda. Ulipiga chini kuliko nilipolenga, ila ulikwenda. Garn akasema, "LaRue angekucheka mpaka aanguke," nami nikasema ndiyo, angecheka. Ndiyo mara ya kwanza jina la mama yako kutajwa uani hapa tangu Februari.

Tangu hapo napiga. Mishale inayokwenda vizuri ni ya umbali mfupi tu, bega haliruhusu zaidi. Maana yake dume lazima aletwe karibu sana, na kwa sauti yangu hataletwa hata ng'ombe.

Mwanzo wa msimu madume huwa kimya. Mwishoni mwa Agosti ndipo wanapoanza kuita na kusikiliza. Kama ulisema kweli kuhusu kuja, acha manukato kuanzia sasa, pamoja na sabuni ya maua. Koti la mama yako litakutosha. Liko tayari, kama unavyojua.

Baba yako


Tacoma, 12 Agosti

Baba yangu mpendwa,

Natumaini bega limepumzika na unakula kitu zaidi ya pai. Nakuandikia nikiwa nanuka kama ubao! Manukato ya harusi nimeyaweka juu ya kabati. Jana usiku Tobin alininusa shingoni akasema, "Nimeoa mreteni." Nikamwambia avumilie, akasema atavumilia, ila nikirudi nirudi nikiwa mwanamke. Yeye haji. Ana lifti ya hospitali, na anasema akimwona elki atapiga chafya. Lakini amekushonea mfuko wa kuwekea mishale. Ni wa njano. Usicheke, alikuwa na kitambaa kilichobaki.

Wito mfupi ninao, Baba. Juzi kwenye maegesho niliutoa, na mzee mmoja aliyekuwa anasukuma mikokoteni akasimama palepale na mguu mmoja juu. Nikajua ndio wenyewe.

Sasa nisikilize. Siku ya mazishi, nyumba ikiwa imejaa watu na viazi, niliingia jikoni nikachukua kile kitambaa cha bluu cha Mama, kile alichofungia nywele akioka mikate, kilikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango. Sikumwomba mtu. Nikakitia kwenye mtungi wa kioo wa kuhifadhia pichi, mmoja wa ile mitungi yake mwenyewe, nikakaza kifuniko kama alivyonifundisha. Nilikifungua mara moja tu, asubuhi ya harusi, haraka, nikakaza tena. Bado yumo. Unga, ile krimu yake ya mikono, na yeye. Uliponiandikia habari ya koti, mtungi ulikuwa kabatini, hatua moja kutoka kwenye sufuria ya samaki, na nikanyamaza. Nilikuwa nautaka uwe wangu peke yangu.

Nitakuja nao. Hautafika mlimani, usiogope, najua upepo ulivyo. Utakaa ndani ya gari lako, madirisha yamepandishwa, chini ya kiti. Mimi nitavaa lile koti linalonuka mti, nitakaa nyuma yako, nawe ukishavuta na kutulia, nitautoa ule wito mfupi. Mshale uende au usiende. Tukishuka, tukiwa na nyama au mikono mitupu, tutaingia garini, tutafunga milango yote miwili, nawe ndiye utakayefungua kifuniko. Mimi siwezi kukifungua tena peke yangu, Baba, na nadhani wewe pia huwezi.

Ndoo usiitoe uani. Nimeomba ruhusa kazini na tiketi ya basi iko chini ya kikombe, pamoja na kikaratasi cha leo. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa langoni kwako.

Mwanao,
Maren