Mafuta ya Chapati Kwenye Mashine ya Kuchonga

Baba Valary,

Chai iko kwenye chupa. Mashine usiiwashe.

Asubuhi ilikuwa inachonga jina la marehemu baba yangu kwenye ubao wa msalaba. Ilipofika herufi ya tatu ikakwama, kisha ikaruka, na herufi zilizobaki zikaenda upande kama za mlevi. Nikafunua ile skrubu ndefu inayosukuma kichwa cha mashine mbele na nyuma, nikakuta mafuta ya chapati yameshikana na vumbi la mbao, mazito kama ugali. Nilipokuuliza, ukacheka: "Si ni kama baiskeli tu, inataka mafuta?" Baiskeli yenyewe imekushinda.

Sugua uchafu wote kwa mswaki. Wako, si wa Valary. Reli zinazobeba kichwa zipanguse kwa kitambaa kikavu. ~~Kisha paka grisi.~~ Usipake kitu chochote, nitapaka mwenyewe.

Nimeenda kwetu Ngao na ubao mwingine na patasi. Jina la baba nitalichonga kwa mkono pale kaburini, mbele ya ndugu zangu wote. Wakiniuliza mashine ina nini, nitawaambia ina wewe.

Mama Valary