Kabla Hujapanda Basi Kuja Kupimwa Masikio

Dar es Salaam

Kwako ndugu yangu Oliva,

Nakuinamia na kukupigia makofi ya kwetu, taratibu, kama unavyostahili wewe mama mwenye cherehani yake mjini Sumbawanga. Vipi afya, na mgongo ule unaouma ukishona sare za shule? Baridi imeshaanza kuwakunja huko? Mimi hapa joto linanichemsha kama maharage, ila mzima. Bado nakaanga chapati hotelini tangu alfajiri. Wenzangu jikoni wananiogopa kidogo kwa sababu ya sifa za uchawi za Sumbawanga. Mmoja akiamka kichwa kinamuuma, ananitazama mimi kwanza. Nawaacha waogope, maana nimepata nafasi ya kukaa karibu na dirisha.

Ulisema meseji za simu zinakuchosha kwa jambo zito, nikuandikie kwenye karatasi uisome kwa nafasi yako. Basi weka mkasi chini.

Umeniuliza kama ukubali kifaa cha kupandikizwa sikioni. Nimeelewa kwamba mama mkwe wako na akina mama wa jumuiya wameshakubaliana, na safari imepangwa baada ya kuvuna mahindi. Wewe mwenye masikio ndiye hujaulizwa. Nimeelewa pia kinachokuuma zaidi: Edina ameanza kusema, na watu wanakwambia mtoto atakuita mama, mama, mpaka achoke. Niliposoma hapo niliacha chapati zikaungua.

Kwa kuuliza maswali unajua sijambo. Nilikwenda kliniki ya masikio, nikampata mtaalamu wa usikivu, dada mdogo mwenye subira. Alinieleza kwamba wanapasua nyuma ya sikio ukiwa umelala kwa dawa, wanaweka kipande chini ya ngozi, na uzi mwembamba unaingia sikioni ndani kabisa. Nje unavaa kipande kingine chenye betri, kinachoshikwa kichwani na sumaku. Ukikivua, kimya kinarudi kama kilivyokuwa. Nikamuuliza kama mtu anaweza kujitwisha ndoo ya maji na hicho kidude. Alicheka, akasema hajawahi kuulizwa hivyo, ila sumaku inakaa pembeni na si utosini, kwa hiyo ngata itapata pa kukaa. Nikauliza kama kinavuta radi, maana najua kwetu hilo ndilo litakuwa la kwanza kusemwa. Akasema hakivuti. Akataka kujua nimetoka mkoa gani, nikamwambia, akasema sasa ameelewa.

Kisha yeye akaniuliza ulianza lini kutosikia. Nikasema tangu kuzaliwa, na sasa una nyumba yako na mtoto. Alisema hawezi kumsemea mtu ambaye hajampima, lakini nisikudanganye: mtu mzima ambaye hajawahi kusikia, mara nyingi hayapati maneno. Anaweza kupata honi, mlango ukigongwa, mvua juu ya bati, mtoto akilia. Maneno yenyewe ni mazoezi ya muda mrefu sana, na kwa wengine hayaji kabisa. Tena itabidi urudi Dar mara kwa mara kifaa kirekebishwe. Wanaofaidi zaidi ni watoto wadogo, na wale waliowahi kusikia wakapoteza. Wengine wakishapimwa huambiwa kuwa hakitawafaa.

Nilimwomba anikutanishe na mtu anayekivaa. Akampigia mama mmoja, naye akakubali nimtembelee. Kumbe ni mtu wa Namanyere! Anaitwa Mama Shukuru. Aliugua akiwa mtu mzima, masikio yakafa, akawekewa kifaa. Sasa wewe nifikirie mimi, miezi yote hii sijaona mtu mzima wa kwetu. Alipofungua mlango tu nikapiga magoti na kumpigia makofi kwa furaha yote niliyokuwa nayo. Mama wa watu alishika kichwa, akakinyofoa kile kifaa kama mtu aliyeumwa na nyuki. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alicheka mpaka akafuta machozi. Alinieleza kwamba kwenye kifaa makofi yanasikika kama mabati yanaporomoka. Wageni wa Namanyere wakija kwa wingi, anakivua kwanza pale mlangoni, anapokea salamu kwa macho, halafu anakivaa ndipo waanze mazungumzo. Nikabaki nawaza. Wewe hizo salamu umezipiga maisha yako yote, umeinama sawasawa, na hakuna mzee aliyewahi kulalamika kwamba hukumsalimia.

Sikuishia hapo, nilimhoji kama polisi. Mwanzoni, alisema, sauti za watu zilikuwa kama redio isiyoshika stesheni, hata ya mumewe hakuitambua. Ilimchukua muda. Leo anakwenda sokoni, anazungumza kwenye simu kama mpigaji hana haraka, na hajutii. Jioni anakivua apumzike, kwa sababu kusikia kunamchosha. Hilo sikuwahi kulifikiria, kwamba kusikia ni kazi.

Wakati wa kuaga nikamuuliza nikakwambie nini. Akaniambia, "Mimi, mwanangu, nilikuwa natafuta kitu nilichokipoteza. Mwenzako anatafuta nini?"

Tumekua wote Matai, tumefukuza ndege kwenye ulezi pamoja, na sijui. Ndiyo maana nakuuliza wewe.

Mawazo yangu ni haya. Ukitaka kupimwa, njoo, kitanda kipo, na kupimwa si kupasuliwa. Lakini usije na mama mkwe awe ndiye anayesema kwa niaba yako. Nitakutafutia mkalimani wa lugha ya alama, daktari aseme na wewe, uulize hata hayo ya ndoo na radi, ukatae ukitaka kukataa. Na Edina mfundishe alama, kifaa kije kisije. Gaudensi naye aongeze, maana mume mzima hawezi kuishi na mkewe kwa alama ya chakula na alama ya twende tu.

Na la kwangu niliseme. Natamani usikie nikikuita. Nimetamani tangu utotoni, nilipokuwa nakuita kutoka ng'ambo ya shamba na wewe unaendelea zako na kuni kichwani. Lakini hiyo ni tamaa yangu, Oliva. Usipasuliwe kwa ajili yake.

Mfikishie mama yako mzazi shikamoo yangu. Mama mkwe pia, tena kwa heshima zote, na mwambie sijamkatalia, nimesema tu uulizwe. Nisalimie yule fundi mwenzako wa meza ya jirani, na katekista wetu. Shangazi anayekwenda Wampembe akipata migebuka mikavu, wale samaki wa ziwani, basi la Dar analijua.

Jana niliitazama tena ile video aliyonitumia Gaudensi, ya gauni jipya la Edina. Umekaa kwenye cherehani, mlango umeupa mgongo. Mtoto anakimbia, anajikwaa, anaanguka kifudifudi. Anafungua mdomo alie, halafu anaufunga. Anainuka, anakuzunguka mpaka mbele ya uso wako, anakushika shavu, ndipo analia.

Ukitaka kusikia, njoo, nitakupokea stendi. Ila usije kwa sababu wamekwambia mtoto wako hana mama wa kumwita.

Ni mimi ndugu yako wa Matai,
Leokadia