Kimeng'enya Kinachosubiri Mlangoni

Mpenzi Zuhura,

Nakuandikia kutoka Kaloleni, kwa shangazi. Uliniuliza kile kimeng'enya ninachokichunguza, kinachosukuma protini nje ya bakteria, kinajuaje kutochoma nguvu bure. Leo asubuhi, nikienda maabara kupitia Industrial Area, nilikuta vibarua wamekaa kimya nje ya lango la kiwanda. Mmoja akanisogezea nafasi: "Kaa, mzee. Lori bado." Lori lilipofika na lango likafunguliwa, wote wakainuka kwa pamoja kupakua mizigo. Kimeng'enya nacho ni hivyo hivyo: mpaka protini ifike na mlango wa kwenye utando wa bakteria uwepo, kimetulia tu, hakichomi nguvu.

Nisalimie mama. Huku ni baridi, na blanketi la shangazi halina harufu yako. Shangazi analalamika kwamba nimekuwa mpole mno. Hajaniona ninavyokuwa ukinifungulia mlango.

Wako,
Athumani